Kwa nini wasikate juu ya goti tu, yakaisha?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda, lori limemkanyaga mguu. Muundi umesagika na nyama ya shavu la mguu imekwenda, ila unyayo umesalimika. Madaktari wanasema watakata chini ya goti, kisha watahamisha nyama kufunika kigutu, kwa operesheni zaidi ya moja. Mjomba anataka wakate juu ya goti, penye ngozi nzima, yaishe. Tumsikilize nani?

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Kwa maelezo haya niko upande wa madaktari. Mguu umeshapotea, wanachopigania sasa ni goti.

Mwenye goti lake huinuka kitini na kupanda ngazi kwa nguvu zake mwenyewe. Kutembea kwa mguu bandia chini ya goti hugharimu nguvu kama asilimia 25 zaidi ya kawaida. Ukikatwa juu ya goti, hupita asilimia 60. Kwa kijana wa kazi, hiyo ni tofauti ya maisha yote.

Kwa kawaida tunabakiza nyama ndefu ya shavu la mguu, tunaikunja mbele na kuushonea mfupa ndani yake, kwa sababu nyama ya nyuma ina damu nyingi kuliko ngozi ya muundi. Kwa mdogo wako nyama hiyo haipo. Kupandikiza ngozi nyembamba ya paja peke yake hakufai: haishiki juu ya mfupa mtupu, na hata ikishika pembeni, soketi, yaani kikombe cha mguu bandia kinachoingia kigutu, huichubua.

Ndiyo maana inahitajika flapu, yaani ngozi na nyama inayohamishwa pamoja na mishipa yake ya damu. Ulivyosema unyayo umesalimika, nilifurahi. Mishipa inayoulisha ikiwa mizima, daktari anaweza kutoa mifupa ya unyayo, akabakiza ngozi ya unyayo ikiwa imeshikana na ateri, vena na mshipa wake wa fahamu, kisha akaikunja juu kufunika ncha ya kigutu. Ngozi hiyo imezoea kubeba uzito, na mshipa wa fahamu ukipona, kigutu kinahisi kinapobanwa. Waulizeni kama wameifikiria. Mishipa ikiwa imekatika, nyama hutolewa mgongoni au pajani na kuunganishwa chini ya hadubini, kazi ya saa nyingi inayohitaji timu yenye ujuzi huo.

Operesheni hurudiwa kwa sababu nyama iliyopondwa haionyeshi siku ya kwanza ipi itakufa. Inasafishwa, inaangaliwa tena baada ya saa 48 hadi 72, na kidonda hufunikwa kikiwa safi tu. Goti lenyewe likiwa limesagika, au maambukizi yakipanda na kutishia uhai, hapo mjomba atakuwa sahihi.

Baada ya flapu, asivute sigara kabisa, wala msimwekee mto chini ya goti, maana litakakamaa likiwa limekunjwa. Siku mbili za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Flapu ikiwa baridi na kupauka, damu haiingii. Ikivimba na kuwa ya zambarau, damu haitoki. Mwiteni muuguzi saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu flapu nyingi zinazookolewa ni zile zilizorudishwa chumba cha upasuaji mapema.