Simsim na mabati: kutoka na farasi mwoga nje ya geti

Watoto wa huku kandokando ya Nile wakimwona farasi hupiga kelele moja tu: "Embalaasi! Embalaasi!" Ni neno letu lile lile la farasi, limepanda bara likavaa kanzu ya Kiganda. Siku ya kwanza kulisikia nilicheka. Siku ya kwanza kulisikia nikiwa juu ya Simsim sikucheka, maana lilitoka kwa watoto kumi na tano kwa mpigo, nyuma ya migomba, na Simsim akaruka pembeni kama aliyemwagiwa uji wa moto.

Simsim ni farasi wa kahawia, mrefu, kifua kipana. Alizaliwa Kenya kwa ajili ya mashindano, akaonekana hana mbio za kutosha, akauzwa, akavushwa mpaka wa Busia kwa lori. Uwanjani kwetu hata mtoto anampanda. Mtoe nje ya geti mita mia mbili, unapata farasi mwingine kabisa: kichwa juu, shingo ngumu kama gogo, na mikono yako inaanza kufa ganzi kwa kuvutana naye. Dada mmoja wa Kampala amenunua farasi wa namna hiyo, na juzi aliniuliza kama amtafutie lijamu, yaani chuma cha mdomoni, iliyo kali zaidi. Nilimjibu kwa kifupi kwamba hapana. Jibu refu ndilo hili. Mimi ni saisi, mtunza farasi, mwaka wa tisa sasa, na mengi ya ninayoyaandika hapa niliyaokota chini, pamoja na meno yangu.

Nianze na siku niliyoaibika. Ilikuwa mwezi wa kwanza, jua la kiangazi, tukiwa upande wa magharibi wa mto kwenye barabara ya moramu, udongo wa kokoto, inayoelekea Kangulumira, kule kunakotoka mananasi. Nilikuwa nimetoka na Simsim peke yake, kosa la kwanza. Alikuwa amekaa bandani siku tatu akila pumba za mahindi kama kawaida bila kazi, kosa la pili. Njia yenyewe hakuwahi kuiona, na nilipanga kwenda mbali, eti achoke. Farasi mwenye hofu hachoki haraka hivyo. Utachoka wewe kwanza.

Boda ilitokea mbele yetu imebeba mabati. Wenyeji wanajua inavyokuwa: mabati yamefungwa kwa mpira nyuma ya kiti, yamekunjika kidogo katikati, ncha zake zinapiga barabara kila pikipiki inapoingia shimoni, na jua linamulika juu yake. Simsim aliyaona kabla yangu. Nilihisi mgongo wake unapanda chini ya tandiko, kama mkate unavyoumuka. Nami nikafanya kile ambacho mwili hufanya wenyewe: nikakaza magoti, nikashika pumzi, nikavuta hatamu zote mbili kwa nguvu zangu zote. Akaegemea lijamu, akainamisha shingo, akapiga shoti. Tulikata shamba la muhogo, tukatokea uani kwa jajja mmoja, ndivyo huku tunavyowaita wazee, aliyekuwa ameanika juu ya turubai kahawa yake isiyokobolewa, ile tunayoiita kiboko. Turubai lilipolia chini ya kwato Simsim alisimama ghafla. Mimi sikusimama.

Jajja hakunipigia kelele. Alinitazama nilivyokaa katikati ya kahawa yake, akauliza kama nimeumia, ndipo akauliza nani atalipa. Nililipa. Nikarudi nyumbani kwa miguu, kilomita sita, nimemshika Simsim hatamu, vumbi limenijaa mpaka masikioni.

Mzee aliyenifundisha kazi hii, Mkenya, mtu wa maneno machache, alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia nishike ncha ya kamba na nimvute yeye mwenyewe. Nikamvuta. Akaegemea upande wake, tukasimama pale kama watu wa mchezo wa kuvuta kamba. Kisha akaachia bila kuniambia, nikaanguka kitako. "Ndivyo ulivyokuwa ukimfanyia," akasema. "Ulimpa kitu cha kuegemea."

Farasi mzima ana kilo mia tano hivi. Mimi nina sitini na nane, baada ya kula. Kwenye kuvutana hesabu imekwisha kabla hatujaanza. Lakini ukimnyima hiyo nguzo ya kuegemea, nguvu zake nyingi hazina pa kwenda. Kwa hiyo sasa sivuti hatamu mbili kwa pamoja na kubaki nimevuta. Ninashika, ninaachia, ninashika, ninaachia, kama mtu anayekamua ng'ombe. Nikihisi anaanza kuwa mzito mkononi, mapema, akiwa bado anatembea, ninamgeuza pua kidogo upande mmoja mpaka nione pembe ya jicho lake, kisha ninamlegezea. Shingo iliyopinda haina nguvu ya shingo iliyonyooka. Lakini uwahi kabla hajachomoka. Akishakuwa katika shoti kali juu ya moramu yenye kokoto, ukimvuta kichwa kwa ghafla upande mmoja unaweza kumwangusha, naye akaangukia mguu wako.

Kuhusu lijamu kali: chuma kikali kinaongeza maumivu, na farasi anayeumia anakimbia maumivu. Kabla ya kununua kitu chochote, mwite daktari wa mifugo amtazame mdomo. Meno ya farasi huendelea kuchomoza, na kingo zake hunoleka kama wembe kwa kusaga nyasi: ya juu kwa upande wa shavu, ya chini kwa upande wa ulimi. Simsim alikuwa na kidonda ndani ya shavu. Alipopigwa tupa meno yake, nusu ya ule "ukaidi" ikaisha ndani ya wiki mbili. Tazama mgongo pia, mahali tandiko linapokaa, kama anakunja ngozi ukimgusa. Na pumba uzipunguze siku ambazo hafanyi kazi, umwongezee nyasi.

Sasa barabarani. Uganda tunapita kushoto, na karibu kila kinachomtisha farasi kiko kushoto pia: nguo zilizoanikwa kwenye ua, kaveera, mfuko wa plastiki, iliyonasa kwenye mkonge, mbuzi anayetokea mfereji, jiwe jeupe ambalo jana halikuwapo. Akigutuka kutoka kushoto anarukia kulia, yaani katikati ya barabara, mbele ya lori la miwa. Watu wengi hapo humgeuza kichwa ili "akitazame kitu, akizoee". Ukimgeuza kushoto akitazame, makalio yake yanakwenda kulia, na umeshamweka barabarani mwenyewe. Mimi hufanya kinyume. Kitu kikiwa kushoto, pua ninaipindisha kulia kidogo, na mguu wangu wa kulia unambana ubavuni asitanuke kwenda barabarani. Anakipita akiwa amekipa bega. Macho yangu hayako kwenye kitu hicho hata kidogo, yako kwenye mti mrefu mbele huko. Ukikodolea macho kaveera, naye atajua kuna jambo na hiyo kaveera.

Inasaidia kujua anavyoona. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu duara zima, isipokuwa kipande kidogo mbele ya paji lake na kingine nyuma ya mkia. Akitoka juani kuingia gizani macho yake huchelewa kuzoea, ndiyo maana kivuli kizito cha mwembe kinaweza kumsimamisha kama shimo. Mpe sekunde chache. Na usishangae akigutuka wakati wa kurudi kwa kitu kile kile alichokipita vizuri wakati wa kwenda. Ametazamishwa sura yake nyingine, na kwake ni mgeni mpya.

Pumzi yako anaisikia kwa mgongo. Ukiibana, umemtangazia hatari. Mzee alikuwa anaimba. Mimi sina sauti ya kuimba, kwa hiyo ninamlalamikia Simsim bei ya sukari. Huwezi kulalamika huku umebana pumzi, jaribu uone. Shingoni mwake kuna mkanda, mkanda wa kawaida tu wa ngozi, wa kushika pale anaporuka ili nisining'inie mdomoni mwake. Watalii hudhani ni pambo. Kofia ngumu huwa kichwani hata kwa safari ya kwenda kisimani, na vikuku vya kukanyagia viwe vipana vya kutosha kuuachia mguu haraka.

Lakini haya yote ni ya dakika ya mwisho. Kilichombadilisha Simsim hasa kilifanyika nyumbani, na kilinigharimu shilingi elfu kumi. Nilimlipa kijana wa boda saa moja ya muda wake. Nilimwambia atangulie polepole, amtoroke farasi, nasi tumfuate. Wanyama wengi ndivyo walivyo: kinachokujia ni adui, kinachokukimbia kinatia hamu ya kukijua. Raundi ya kwanza tulifuata kwa umbali wa mita thelathini, Simsim akikoroma puani. Kufikia raundi ya saba au ya nane alikuwa ananusa taa ya nyuma, na kijana wa boda ndiye aliyekuwa anaogopa. Siku nyingine tukafunga kaveera kwenye fimbo, ikatangulia vilevile. Mwishoni bati moja kuukuu likiburutwa kwa kamba. Kila alipoliendea kwa hiari yake tuliacha pale pale, tukamtoa tandiko, siku ikaisha. Ukiendelea kwa sababu "leo anaelewa" utaharibu. Najua kwa kuwa niliharibu, siku ya bati, tukapoteza wiki nzima.

Ndipo tukaanza kutoka. Wiki ya kwanza mpaka kwenye mwembe na kurudi. Ya pili mpaka kwenye duka la rolex, chapati ya kuviringishiwa mayai. Nilikuwa namgeuza akiwa bado ametulia. Ukisubiri achachamae ndipo umgeuze, umemfundisha kwamba kuchachamaa ndiyo nauli ya kurudi nyumbani. Tulitoka na farasi jike mzee tuliyenaye, ambaye hata ndege ikianguka atauliza tu kama kuna nyasi. Mara anatangulia yeye, mara Simsim, kwa vipande vifupi, mpaka Simsim akajua kuwa mbele si adhabu.

Kurudi ndiko kugumu. Usimwachie mwendo wa matiti, zile mbio za polepole, wala shoti uso ukiwa umeelekea nyumbani, hata kama mvua inakuja na kila mtu anakimbia. Mimi tukifika getini huwa ninapita, tunakwenda mbele hatua mia mbili, tunazunguka mara chache pale kwa kazi, halafu nashuka nje ya geti, ninalegeza ukanda wa tandiko, tunaingia kwa miguu. Geti likapoteza utamu wake.

Kushuka njiani si aibu. Ila uamue mapema, akiwa bado anakusikia, utoe miguu yote miwili kwenye vikuku kwanza ndipo uteremke. Ukimwongoza kupita kitu kinachomtisha, kaa wewe upande wa kitu hicho, usawa wa bega lake. Akiruka ataruka kukihama, kwa hiyo atakuhama na wewe. Anayesimama upande wa pili ndiye anayekanyagwa. Subiri barabara iwe tupu kabla ya kupita, na hatamu usizizungushe mkononi hata mara moja.

Halafu kuna watu. Nimeona wapanda farasi wanaowafokea waendesha boda, nao kwa hasira wanapiga honi zaidi. Inua mkono mapema, salimia, omba. "Ssebo, bwana, nisaidie, huyu ni mwoga." Karibu wote watazima injini, na wengine watataka kujua anauzwa bei gani. Kwa watoto, mtafute mkubwa wao, mpe cheo. "Wewe ndiye kiongozi, nishikie hawa wadogo wasikimbie mpaka nipite." Sijaona mwalimu mkali kama mtoto wa miaka kumi aliyepewa kazi hiyo.

Simsim bado ni mwoga, dada, nisikudanganye. Kuna ndege mmoja, korongo aina ya kaloli, kwenye jalala la sokoni ambaye hawajapatana mpaka leo. Lakini sikumbuki ni lini mara ya mwisho mikono yangu ilikufa ganzi.

Jumamosi iliyopita tulipita tena pale kwenye muhogo, na jajja alikuwa uani kwake. Boda ilitukuta pale pale, safari hii na magodoro matatu. Simsim akasimama, akakoroma, akanipa sikio moja, akapita. Jajja alikuwa anatazama. Akauliza, "Huyu ndiye yule aliyenikanyagia kahawa?"

Nikasema, "Ndiye, jajja, lakini siku hizi ana adabu."

Akamtazama kutoka masikioni mpaka kwato. Kisha akainama, akashika turubai kwa ncha mbili, akaliburuta mpaka karibu na mlango wa nyumba.