Mbwa akimdaka chura

SWALI: Hutembea na mbwa wangu wawili kila alfajiri. Juzi mdogo alimdaka chura kwenye majani yenye umande, akaanza kutoa povu mdomoni. Leo wamekuta kinda la ndege chini ya mti. Nifanye nini yakitokea tena?

JIBU: Povu hilo hutokana na sumu. Chura mwenye ngozi ya vipele ana tezi mbili nyuma ya macho; zikibanwa na meno hutoa utomvu mweupe unaochoma. Mfute mbwa ufizi na ulimi kwa kitambaa kibichi, kisha suuza kwa dakika 5 hadi 10, pua ikielekea chini na maji yakipita kando ya mdomo. Hapa wengi hukosea: humwagia maji kooni, yakaingia mapafuni. Usimpe maji ya chumvi ili atapike, kwani chumvi nyingi nayo ni sumu kwa mbwa. Akipepesuka, akitetemeka au ufizi ukiwa mwekundu mno, mkimbize kwa daktari wa mifugo. Sumu ya chura wengine huua upesi.

Kinda aliyeota manyoya na anayerukaruka mwacheni, wazazi wake wako karibu. Wafunge mbwa kamba, mwondoke. Aliye uchi mrudishe kiotani ukikifikia. Si kweli kwamba wazazi humkataa aliyeshikwa na mtu. Lakini aliyeumwa na mbwa, hata kwa tundu dogo la jino, anahitaji daktari siku hiyohiyo: mate ya mbwa hubeba bakteria.