Daktari, nikinywa maji lindoni nitajisaidia wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni askari wa kike wa usalama barabarani, Dar es Salaam. Naingia zamu alfajiri, na nimejizoesha kutokunywa maji mpaka nitoke kwa sababu pointi yangu haina choo. Siku hizi ikifika saa tano kichwa kinagonga, misuli ya miguu inabana na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Wenzangu wananishauri ninywe vinywaji vya kuongeza nguvu. Ni sawa?

JIBU: Marahaba, afande. Hivyo viache. Kafeini itakuchangamsha kidogo, lakini maji na chumvi ulivyopoteza vitabaki vile vile.

Shida yako ni choo, kwa hiyo tuanzie hapo. Zungumza na mkuu wa zamu mpokezane dakika chache, na mwombe sehemu moja ya kudumu karibu na pointi: kituo cha mafuta, zahanati, hata msikitini. Usione haya kuomba. Trafiki mwenye kizunguzungu katikati ya malori ni hatari kwa wote, na kubana mkojo huku hunywi maji kunakaribisha UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo.

Ukiamka kunywa nusu lita, na ujisaidie kabla ya kutoka nyumbani. Lindoni, robo lita kila baada ya dakika 20 hivi inatosha. Kwenye jua la mchana sehemu kubwa itatoka kwa jasho, haitafika chooni. Usivuke lita 1.4 hivi kwa saa, maana maji kupita kiasi hushusha sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) mwilini, nayo ni hatari. Chai na maandazi peke yake havitoshi asubuhi. Ongeza maharage au mchuzi wenye chumvi. Siku ya jasho jingi, koroga pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ya gramu 20.5 kwenye lita moja kamili ya maji. Wengi huimimina yote kwenye chupa ya nusu lita, wakakosea. Dafu ni zuri, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Ukiwa na presha au tatizo la figo, muulize kwanza daktari anayekutibu.

Sasa fukuto la Dar. Jasho hupoza linapokauka juu ya ngozi. Likichuruzika tu umepoteza maji bure. Ndiyo maana kizibao cha kuakisi mwanga kilichoshonwa kwa wavu kinafaa kuliko cha plastiki. Kwenye mapumziko vua kofia, lowesha mikono mpaka viwikoni, weka kitambaa chenye maji shingoni, kisha kaa penye upepo. Ukitoka likizo, mwili huchukua wiki moja hadi mbili kulizoea joto tena.

Mwenzako akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuanguka, msisubiri gari ndipo muanze kumpoza. Mvuteni kivulini, mvueni kizibao na viatu, mmwagieni maji mwili mzima huku mnampepea, na mwendelee hivyo njia nzima mpaka hospitali. Asiyejitambua vizuri hanyweshwi kitu.

Na huo mkojo wako, afande, usiusubirishe. Rangi hiyo pamoja na misuli kubana inaweza kuwa dalili kwamba misuli imeumia na figo zinaelemewa. Nenda leo ukapimwe mkojo na damu.