Wakala wa safari anakula wapi kama bei ni ile ile ya ndege?

Swali: Habari kaka. Nimekata tiketi kwa wakala, nimelinganisha bei yake na ya tovuti ya shirika la ndege zinapishana kidogo mno. Sasa huyu faida anaitoa wapi? Na nikishamlipa alafu akafunga ofisi kabla sijasafiri inakuwaje?

Jibu: Nzuri dada. Maswali yako mawili yana jibu moja ndani yake, kwamba wakala wa rejareja anauza mali ambayo sio yake. Muuza duka ananunua katoni za sabuni anaweka stoo, zisipouzika hasara yake. Wakala hanunui siti wala chumba akaweka stoo, siti ni ya ndege, chumba ni cha hoteli, pakeji (safari na hoteli vikiuzwa pamoja) ni ya kampuni iliyoitengeneza, yeye anamtafutia mwenye mali mteja na mteja akipatikana ndio biashara imefanyika.

Zamani alikuwa anaishi kwa kamisheni ya ndege. Marekani ilikuwa 10% ya nauli, mpaka Februari 1995 shirika la ndege la Delta likaweka kikomo, dola 50 tu kwa tiketi ya ndani ya kwenda na kurudi hata nauli iwe kubwa vipi, wengine wakafuata, na ilipofika 2002 kamisheni ya msingi ikafutwa kabisa. Ofisi nyingi zilifungwa, zilizobaki zikaanza kutoza ada ya huduma. Hiyo tofauti ndogo uliyoiona wewe uwezekano mkubwa ndio hiyo ada, na mimi naona ni halali yake kabisa maana akikosea nauli ndege inamletea deni, linaitwa ADM, na analipa yeye sio wewe.

Hela nzuri zaidi iko kwenye hoteli na pakeji. Hoteli nyingi zinatoa kama 10% ila wakala analipwa mgeni akishalala na kuondoka, kwahiyo anaweza kukuhudumia leo hela akaiona baada ya miezi. Njia nyingine anapewa bei ya jumla anaongeza yake juu. Na kuna bonasi, mauzo yakivuka kiwango fulani ndege au hoteli inamuongezea, ndio maana ukiona anakusukumia kampuni moja tu kila ukienda, muulize kwanini na umwambie akuonyeshe na nyingine, wakala mzuri hachukii hilo swali.

Haya tuje kwenye hela yako. Wakala mwenye usajili wa IATA, yaani umoja wa mashirika ya ndege duniani, anaona nafasi kwenye mfumo wa kompyuta kama Amadeus au Sabre, anashika siti, anatoa tiketi, ila hela haiendi kwa ndege hapo hapo. Mauzo ya ndege nyingi yanakusanywa kwenye utaratibu mmoja unaitwa BSP alafu wakala analipa kwa mkupuo kwa tarehe zilizopangwa, kuna nchi ni kila wiki, kwingine inachukua muda zaidi. Katikati hapo hela ya wateja inakaa mkononi mwake, ndio sababu mara nyingi anadaiwa dhamana ya benki. Asiye na usajili anapitishia tiketi kwa mwenye nao, sio kosa, ila hela yako inapita mikono miwili.

Sasa wengi wanaumia hapa. Kushikiwa siti na kukatiwa tiketi ni vitu viwili tofauti. Ile kodi (code) unayopewa, ya herufi na namba jumla 6, ni nafasi tu imeshikwa, ina muda wake, muda ukiisha bila tiketi kutolewa mfumo unaifuta na wewe unakuja kujua uko kaunta na mabegi. Tiketi yenyewe ina namba ya tarakimu 13, tatu za mwanzo ni za shirika, mfano Emirates ni 176, Ethiopian ni 071. Ukiwa na hiyo na imetolewa kihalali mkataba wako ni na ndege, hata wakala akifunga kesho. Usipokuwa nayo hela yako bado iko kwa wakala na unamdai yeye.

Jua pia ndege ikifuta safari, hela kwa kawaida inarudi kwa njia iliyopita, yaani kwa wakala kwanza, kwahiyo risiti yake itunze.

Pakeji ni tofauti, hapo muulize hela inalindwa na nani. Uingereza kwa mfano wana ATOL, mpango wa kulinda hela za wasafiri, na kampuni ya safari ya Thomas Cook ilipoanguka Septemba 2019 wateja waliokuwa na kinga hiyo walirudishiwa hela zao au kurudishwa nyumbani, sio kila nchi ina kitu kama hicho.

Wewe leo hii ingia tovuti ya shirika la ndege, weka kodi yako na jina la ukoo, angalia kama namba ya tiketi inaonekana. Isipoonekana mpigie wakala leo leo akutumie, usisubiri wiki ya safari.