Bandol nyekundu haitaki haraka

Kama bajeti yako ya sikukuu inatosha chupa moja tu nzuri ya mvinyo mwekundu wa Kifaransa, achana na majina makubwa ya Bordeaux, utafute Bandol. Ni mji wa pwani kati ya Marseille na Toulon, na mashamba mengi ya huko bado ni ya familia. Linalosifika zaidi ni Domaine Tempier. Lucie Tempier na mumewe, Lucien Peyraud, walihamia hapo mwaka 1940, wakati zabibu aina ya mourvèdre ilikuwa imebaki kidogo mno eneo lile, kwani inachelewa kuiva na haizai sana. Peyraud aliing'ang'ania. Leo kanuni za Bandol zinataka angalau nusu ya mvinyo mwekundu iwe mourvèdre, nao ukae kwenye mapipa ya mbao miezi 18. Bi. Lucie alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 102. Wanywaji wenzangu hupenda kuutaja umri huo kama ushahidi kwamba mvinyo huongeza maisha, mimi simo.

Mourvèdre ina vituko vyake. Fungua chupa changa, mimina na kunywa papo hapo: ukakasi unakukamata ulimi kama umetafuna bibo bichi, na harufu ya ngozi inaweza kumkimbiza mgeni. Dawa yake ni hewa. Ifungue saa mbili kabla ya chakula, uimimine yote kwenye jagi la kioo, kisha uende ukashughulike na jiko. Ukirudi utakuta matunda meusi na pilipili manga. Chupa ya miaka kumi na zaidi isimamishe tangu jana yake ili mashapo yatulie chini, umimine taratibu, na tone la mwisho ulisamehe.

Halafu joto. Wanaosema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba wana vyumba vya Ulaya akilini, si sebule ya Dar es Salaam mwezi wa pili. Kwenye nyuzi 30 utasikia pombe tu. Itie friji kwa muda wa saa moja na nusu hivi, ishuke hadi nyuzi 17 au 18. Watu wataguna. Waache wagune.

Kwa chakula, mbavu za mbuzi za kuchoma, chumvi na ndimu kidogo, basi. Mafuta ya nyama ndiyo yanayoulainisha ule ukakasi. Pilipili kali weka mbali, maana inaamsha ukali wa pombe.

Dukani, soma lebo: “Mis en bouteille au domaine” maana yake mvinyo umetiwa chupani shambani kwenyewe. Kisha angalia chupa ilikuwa imekaa wapi. Kama ni dirishani, jua linaipiga mchana kutwa, usiinunue hata wakikupunguzia nusu bei.