Mdomo umekwenda upande: majibu ya maswali yenu

Mume wangu ni nahodha. Jana kaamka mdomo umepinda, jicho la kushoto halifumbi. Wazee wasema kapigwa na upepo wa kusi. (Mama, Faza)

Pole sana, dada yangu. Kusi haina kosa hapa. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso hupita kwenye tundu jembamba la mfupa, nyuma ya sikio. Ukivimba hubanwa, na nusu ya uso hulegea. Kinachoshukiwa zaidi ni virusi vya malengelenge ya mdomo. Madaktari wameupa ugonjwa huu jina la Charles Bell (Bell's palsy), mpasuaji wa Scotland aliyeandika juu ya mshipa huo mwaka 1821.

Mwahishe hospitali ya Faza leo leo. Wakimpa rufaa, apande boti aende King Fahd, hospitali ya rufaa ya Lamu. Vidonge vya prednisolone, vya kupunguza uvimbe, hufaa zaidi vikianzwa ndani ya saa 72, naye tayari siku moja imeshampita.

Nitajuaje kama si kiharusi? (Langoni)

Mwambie anyanyue nyusi. Paji la uso likikataa kukunja upande ule, yaelekea ni mshipa wa uso. Likikunja vizuri ilhali mdomo umepinda, au mkono umelegea, au maneno hayatoki, hiyo ni dharura ya kiharusi. Kwa vyovyote, daktari ndiye wa kukata shauri. Mwonyeshe na sikio: vipele vya maji humo ni dalili ya mkanda wa jeshi, ambao una dawa zake.

Nina sukari. Nivinywe vidonge hivyo vya prednisolone? (Mkomani)

Mwambie daktari kwanza. Prednisolone hupandisha sukari, kwa hiyo utapimwa mara kwa mara. Dawa zako za sukari usiziache.

Wiki ya pili sasa. Nimekunywa kombe (maji ya aya zilizoandikwa), nakandwa mafuta, lakini jicho lawasha. (Shela)

Kombe kunywa, bibi, ila lisishike nafasi ya hospitali. Ninalohofia ni hilo jicho. Lisipofumba hukauka, na mchanga wa Shela unavyopeperuka, kioo cha jicho huchubuka upesi. Mchana tia matone ya machozi ya bandia, vaa miwani. Usiku paka malhamu ya macho, fumba kope kwa kidole mpaka lishikane vizuri, ndipo ubandike plasta laini. Plasta ikigusa jicho lililo wazi italikwaruza. Likiwa jekundu, likiuma au kuona kukififia, nenda siku hiyo hiyo. Na usikubali kuchanjwa uso kwa wembe wala kuchuliwa kwa nguvu.

Nitapona? (Matondoni)

Kiasi cha watu 7 kati ya 10 hupona kabisa hata bila dawa, na wengi huanza kuona nafuu ndani ya wiki 3. Ikipita miezi 3 uso bado haujarudi sawa, omba rufaa kwa daktari bingwa.