Jibu: Mama anataka "kurudi kwao" kila jioni

Pole sana dada. Umesema huu ni mwaka wa tatu mama ana Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, ila tangu Jumamosi amebadilika ghafla: jioni anafunga kanga zake anataka "kurudi kwao", na wewe anakuita mwizi.

Hiyo "ghafla" ndiyo imenishtua. Alzheimer huteremka polepole, kwa miezi na miaka. Bibi yangu alianza kusahau majina, zikafuata hesabu za hela, mwisho hata kijiko kikawa kigeni mkononi. Mabadiliko ya siku mbili tatu yana sababu nyingine mara nyingi. Mpeleke leo akapimwe mkojo, malaria na sukari, na ubebe dawa zake zote daktari azione. Bibi alikutwa na maambukizi ya mkojo, na wala hakuwa amelalamika maumivu! Angalia pia kama anakunywa maji na anapata choo.

Akisema anakwenda kwao, usibishane. Mimi nilibishana na bibi nikaambulia kofi. Baadaye nikawa namuuliza kwao kukoje. Anasimulia minazi na shangazi zake, tunazunguka uani, tunarudi kunywa chai. Na washa taa kabla giza halijaingia.